Jeshi Lililokula Muhogo wa Mama

Nilivumilia mpaka mwanangu aliposema wale wanawake walistahili.

Tulikuwa jikoni, hapa Hodge Hill, ughaibuni tunakoishi, mimi nakata vitunguu, Furaha anafanya homuwaki ya historia. Wanafundishwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika, vya karne ya kumi na tisa. Mwalimu amewapa ukurasa wa afisa mmoja aliyetembea na jeshi, baadaye akageuka mwandishi wa historia. Anaeleza jinsi jeshi lilivyopita mashambani likila lilichokikuta, eti kwa nidhamu. Mahali fulani askari waliugua, akasema wanawake wamewatilia sumu, basi nyumba zikachomwa. Kazi ya watoto ilikuwa kueleza kwa nini kamanda aliamua sawasawa.

"They deserved it, Mum," Furaha akasema bila kuinua kichwa.

Nikaichana ile karatasi. Nikaichana tena. Mtoto akalia, na sikumbembeleza.

Sasa niseme kwa nini.

Siku moja, kwetu Kivu, nilikuwa msichana mdogo, niko mtoni na mama. Kwetu tunalima muhogo mchungu. Unaumenya, unauloweka majini siku kadhaa mpaka ulainike na unuke, ndipo unaukausha, unautwanga, unapika bugali. Kabla ya hapo ni sumu. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mama alikuwa anamcheka jirani yetu aliyeusahau wake majini mpaka ukasambaratika. "Leo watakunywa bugali kwa kikombe," alisema, nami nikacheka mpaka nikateleza.

Wapiganaji walishukia njia ya juu. Hawakuwa watu wa kwetu. Kwao walizoea mahindi, na muhogo mtamu unaoliwa hata mbichi. Walikuwa na njaa. Wakaanza kuutoa majini muhogo tuliouweka asubuhi hiyohiyo.

"Baba, muache huo," mama alimwambia kamanda wao. "Ungali mchungu. Utawaua."

"Mama, unatunyima?"

"Siwanyimi. Mupande huku juu nyumbani, niwape ndizi."

"Anatunyima huyu," kamanda aliwaambia wenzake. Mmoja akaiga sauti ya mama, "Utawaua, utawaua!" Wakacheka.

Waliuchoma juujuu palepale, wakala, wakaondoka na uliobaki.

Kesho yake walirudi. Walikuwa wamepungua.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nachuma sombe, yale majani ya muhogo tunayopika. Nikalala chini.

Walimtoa mama ndani kwa nywele.

Kamanda aliuliza sumu aliitia saa ngapi. Mama akasema aliwaonya. Akatupiwa kipande cha muhogo mbichi.

"Kula."

Hakula. Wakamvunja meno kwa kitako cha bunduki, wakakisukuma kile kipande ndani.

Kisha wakampiga risasi.

Jirani yetu, yuleyule aliyesahau muhogo wake, alitoka akipiga kelele. Naye wakampiga risasi pia.

Wakazitia moto nyumba, zikachelewa kuungua kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Sikutoka. Majani ya muhogo hayamfichi mtu mzima, lakini yalinificha mimi. Tulipomzika mama, shangazi alimfunga kitambaa mdomoni ili nisione.

Baadaye, tukiwa wakimbizi kambini, tulimsikia yule kamanda akihojiwa redioni. Alieleza kampeni yake vizuri, kama mwalimu: walipita wapi, walishika vilima gani. Akasema kijijini kwetu wanawake waliwawekea askari wake sumu. Mtangazaji hakumuuliza mtu mwingine. Kuanzia siku ile tulijulikana hivyo. Mimi nilikuwa hai, mdomo ninao, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Basi asubuhi, baada ya kuichana ile karatasi, nilikwenda shuleni kwa kina Furaha. Mwalimu, kijana wa kike mpole tu, akaniambia ukurasa ule ndio ushahidi wa mwanzo kabisa walio nao.

"Ni wa mwanzo kwa sababu wengine walishakufa, Miss," nikamwambia.

Akasema anaelewa hisia zangu. Nikamwambia haelewi kitu, nikatoka kabla sijasema zaidi.

Jioni nilimweleza Furaha yote. Akauliza kama kuna watu wanaoamini bibi yake ni muuaji. Nikamwambia wapo, mpaka leo. Kifo cha mama nimeshakililia. Jina lake walilolichafua ndilo bado linanichoma, na nusura lichafuliwe tena mezani kwangu, na mjukuu wake.

Rafiki yangu Mama Asha, Mmombasa anayekaa Small Heath, alinisaidia Kiingereza cha barua ya malalamiko kwa shule.

"Shoga, hebu toa hilo neno 'mjinga.'"

"Lakini ni ujinga!"

"Najua. Litoe."

Nikalitoa. Nilichomkabidhi mwalimu mkuu mkononi ni hiki:

"Nalalamika rasmi kuhusu kazi ya historia aliyopewa binti yangu. Watoto wameagizwa watetee uchomaji wa nyumba za watu kwa kutumia maneno ya upande uliochoma. Mama yangu aliuawa kwa tuhuma kama hiyo. Ilikuwa uongo, na mimi nilikuwepo. Siombi vita viondolewe darasani. Naomba kazi hiyo ifutwe, na watoto waulizwe mwandishi huyo alimhoji nani katika nyumba zile, na kama hakumhoji mtu, kwa nini. Niko tayari kuja kujibu maswali yao. Naomba jibu kwa maandishi, na lisomwe mbele ya darasa, Furaha akiwepo."