Kigelegele cha Inshirah

Mtaani kwetu harusi haikuwa harusi mpaka Inshirah apige kigelegele. Sisi wengine tulijua kupiga, lakini chake kilivuka soko na kuwatoa wanaume mkahawani wakiuliza nani kaoa. Mchana aliuza achari ya figili na limau kando ya stesheni, jioni alialikwa kwa watu.

Kisha sauti ikaanza kumkauka. Mwanzoni tulimtania kwamba ni kijicho cha mashemeji. Baadaye hata jina la mumewe likawa halimtoki, na akinywa chai anashika shingo. Utani ukaisha. Kila mtu alikuwa na neno moja kichwani, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Bingwa wa koo mjini kwetu ni mmoja, Profesa Shawki. Kliniki yake ya jioni ina mazulia, na bei yake ni ya watu wenye mazulia. Nikamchukua Inshirah tukaenda hospitali ya mafunzo anakofanya kazi asubuhi. Karani wa dirishani hata salamu hakuitika. "Bima?" Muuza achari ana bima gani? Bima ni ya mwenye mwajiri, na mwajiri wa Inshirah ni pipa lake la achari. Tukaambiwa tulete barua ya rufaa, barua ikataka muhuri, mwenye muhuri akawa likizo. Nilimtukana yule karani mpaka askari akanitoa nje. Sijuti hata kidogo.

Huko nje ndiko nilikosikia habari ya mitihani. Kila mwaka hospitali hukusanya wagonjwa ili wanafunzi wa udaktari watahiniwe juu yao. Mgonjwa analala, mwanafunzi anampima, profesa anakuja kuuliza. Wengine wameizoea kazi hiyo, wanaujua ugonjwa wao kwa jina la kitabuni na humnong'oneza mwanafunzi kwa bakshishi.

"Profesa hatuwezi kumfikia," nilimwambia Inshirah. "Basi tukalale njiani mwake."

Nesi aliyekuwa akipokea wagonjwa wa mtihani alinitazama juu mpaka chini. "Mwenzio ana nini?"

"Koo."

"Koo lina nini? Hapa tunataka ugonjwa unaojulikana."

"Unajulikana mno, dada. Mtaa mzima unaujua!"

Akacheka, akatupa kitanda.

Mwanafunzi wetu alikuwa binti anayeitwa Randa. Alivuta pazia akainama. "Hajjati, nakuomba kwa jina la Mungu, niambie una nini."

Inshirah alimvuta karibu, akajikakamua kwa sauti yake ya kukwaruza. "Ningejua, mwanangu, ningekuja huku? Angalia vizuri. Utakachokiona wewe ndicho nilicho nacho."

Yule binti alimkodolea macho. Halafu akawasha taa, akachukua kioo kidogo na kumwangalia koo. Akarudia tena na tena, bila haraka.

Profesa aliingia na haraka zake. "Haya?"

"Uvimbe kwenye uzi wa sauti, upande wa kushoto."

"Nani kakunong'oneza?"

"Hakuna, Profesa. Nimeuona."

Akakichukua kile kioo, akatazama mwenyewe.

"Nani anamtibu huyu mama?"

"Wewe!" nikadakia. "Kuanzia sasa hivi!"

Alinigeukia, nikajua natolewa tena. "Nyinyi ni majambazi," akasema, na masharubu yakamcheza. "Mlazeni wodini kwangu. Mgonjwa wa mafunzo halipi."

Walimpasua. Halikuwa lile neno tuliloliogopa, alhamdulillahi, nililia mpaka kamasi. Randa alifaulu. Ila Inshirah alikatazwa kutoa sauti yoyote mpaka aonwe tena, na hakuna aliyejua kama itarudi. Mumewe aliapa hajawahi kula kwa amani namna ile, kisha nikamkuta jikoni anafuta machozi.

Siku ya kuonwa niliingia naye. Profesa akamulika. "Sema aaa."

Inshirah alinitazama. Akaweka mkono juu ya mdomo, akavuta pumzi, akapiga kigelegele.

Kilikwaruza mwanzoni, halafu kikafunguka, kikatoka mlangoni na kushuka ngazi. Wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye mabenchi wakakiitikia wote, bila kujua ni cha nini, maana kwetu kigelegele hakiachwi peke yake. Karani wa bima akachomoza kichwa dirishani.

"Hee! Nani kaoa?"

"Muuza achari amepona!" nikamjibu kwa kelele. "Tena bila bima yako!"

Nyuma yangu Inshirah akapiga kingine.