Amana Chini ya Kitanda cha Yumna

Jirani yangu hapa Wawi, Bi Mize, kazi yake ni kuanika karafuu za watu. Mwaka wa ishirini huu, na hajarudisha gunia lililopungua. Ndiyo maana alipookota lile sanduku la manjano, pale wanapotengeneza barabara, hakulifungua. Lilikuwa zito, lina kufuli. Alijitwika, akalisukuma chini ya kitanda cha binti yake Yumna, aliyekuja kwao kujifungua mimba ya kwanza.

Akamwomba imamu atangaze: "Kuna kitu kimeokotwa. Mwenyewe aje ataje sifa zake." Sifa hazisemwi, asije akadai asiyekuwa mwenyewe, ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Tulisikia sote, hakuja mtu. Wenye barabara nao walikuwa wanalitafuta Wesha, wakidhani limeanguka gatini.

Siku ya nne ikapita gari ya matangazo, na safari hii sifa zote zikatajwa. Sanduku la manjano, ndani mna kipimo cha barabara chenye mionzi ya hatari, mtu asilisogelee. Bi Mize akaketi papo hapo, juu ya karafuu za watu.

"Yumna! Toka ndani! Toka mwanangu!"

Akaja mtaalamu, Fahmi jina lake, na kifaa kinacholia tik tik. Bi Mize machozi yanamtoka, lakini kasimama mlangoni.

"Kwanza nambie, kufuli yake rangi gani?"

"Nyekundu, mama. Na ubavuni pana alama nyeusi, kama feni ya mapanga matatu."

"Haya, pita baba."

Nilimshika Yumna mkono pale uani, umepoa kama maji ya mtungi. Nikasoma kila nilichokihifadhi. Fahmi alikawia, kisha akatoka anafuta jasho.

"Kufuli haijaguswa. Kipimo kimo ndani ya ganda lake la madini ya risasi, hakijavuja. Mionzi iliyomfikia ni kidogo sana, haimdhuru yeye wala mtoto. Kesho nendeni kwa daktari, mjini Chake, naye awaambie."

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Bi Mize akasujudu kwenye mchanga, hakuinuka upesi. Yumna akaanza kucheka huku analia.

"Mama nawe! Mwanao yumo hatarini, unamsaili mtu rangi ya kufuli!"

"Ningempaje kitu cha watu bila ya kumuuliza?"

Daktari naye alisema vilevile, Alhamdulillahi. Tuliporudi, Yumna, ambaye tangu jana hakutia kitu mdomoni, alikula muhogo wa nazi sahani mbili, na kipande cha samaki kilichokuwa sahanini mwangu akakichukua pia.