Moshi Uliokuwa Mwanzo wa Hadithi

Mamamkwe wangu ni Mkilindi, wa ukoo uliowatawala Wasambaa, na usipolijua hilo ndani ya nusu saa ya kufika kwake basi wewe ni kiziwi. Atakukaribisha, atakumiminia chai ya maziwa, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshakupandisha hadi Vuga walikotawala babu zake. Nilipoolewa nyumba hii ya Mlola, mwalimu wa sekondari niliyetoka Handeni kwa uhamisho wa serikali, nilidhani ni ugeni wangu ndio unaomfanya anisimulie. Kumbe hata fundi wa sola alisimuliwa, tena akiwa juu ya paa.

Anasimulia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Anaanza na moshi. Watu wa milimani, asema, waliamka asubuhi wakaona moshi kwenye mwamba ambako hakukaa mtu. Wakapanda wakiwa na woga, wakamkuta mwindaji na mbwa wake, na nyama ya nguruwe pori imetundikwa kila mti. Wao walikuwa na ndizi na mihogo lakini hawakuwa na nyama; yeye alikuwa na nyama, hana unga. Wakabadilishana. Nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba wakapungua. Mwindaji akaamua ugomvi wa watu bila kupendelea, akaua simba aliyekuwa akila ng'ombe wao, nao wakamwita Simba Mwene, yaani simba mfalme, wakampa wake kutoka kila ukoo. Watoto wake wakatawazwa kila mtoto na kilima chake, kwa wajomba zake, ili wajomba wamlinde. Hivyo ndivyo mtu mmoja asiye na ndugu alivyokuwa ukoo wa kifalme.

Baada ya hapo huja wafalme wenyewe, baba na mwana na mjukuu, majina yakijirudia mpaka unachanganyikiwa. Anafika kwa yule mzee aliyetawala mpaka wajukuu wakazeeka, ambaye mvua ilikuwa yake, akikasirika inakata, akipendezwa inanyesha. Kisha sauti inashuka. Mzee alipokufa, watoto na wajukuu wakagombana, kilima kikapigana na kilima, watu wakauzwa pwani. Wajerumani walipopanda mlima walikuta nyumba imeshapasuka. Uhuru ukaja, utemi ukafutwa. "Na sasa," humalizia, "Mkilindi anapanda kabichi kama mtu yeyote. Ongeza chai."

Sisi wa upande wa Handeni na Wasambaa ni watani, na mimi utani ninao wa kutosha. Mwindaji yule alitoka kwetu, Ungulu. Kila akimaliza humwambia, "Mama, mfalme wenu ni mtoro wa kwetu. Sisi tulimfukuza, ninyi mkamwekea kiti." Naye hunijibu papo hapo, "Mlikuwa mnamlisha nini hata akakimbilia kwetu?" Tunacheka. Nilimpenda mapema kwa majibu hayo.

Ila niliona jambo moja. Wazee wa kwetu hawaanzi na moshi. Wanaanza na kisa cha kijana yule kuondoka kwao, na hicho mamamkwe hakukigusa hata mara moja. Nikadhani ni majivuno. Nani apendaye kusema babu yake alifukuzwa?

Binti yetu alipozaliwa alipewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi. Bibi akawa hamwiti jina, anamwita somo. "Leteni somo yangu nimwogeshe." "Somo amelala?" Alimbeba mgongoni akienda kukata majani ya ng'ombe, akawa anamwonyesha vilima kimoja kimoja na nani alitawala wapi, mtoto wa miezi minne! Nikimwambia hasikii chochote, ananijibu kwamba hata wanafunzi wangu hawasikii lakini napokea mshahara.

Siku moja nilikuwa nalisha mtoto uji, kijiko kikagonga. Nikapiga kelele za furaha: "Mama, njoo usikie jino!" Akaja mbio, mikono bado ina unga, akaifuta kwenye kanga, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini. Akapitisha tena. Kisha kidole kikapanda juu, kikasimama hapo. Akakitoa polepole, akasema maziwa yanachemka, akaondoka. Jikoni hapakuwa na sufuria motoni.

Meno ya juu yalikuwa yametangulia. Mtoto wa namna hiyo anaitwa kigego, na sina haja ya kueleza sana. Karibu kila kabila la nchi hii lilimwogopa. Mkosi, walisema. Atamaliza ndugu. Zamani hakuachwa aishi. Mimi ni msomi na Mkristo, lakini sitasema uongo: niliogopa. Nesi wa kliniki alinicheka akasema meno ni meno. Mume wangu naye akasema hayo ni mambo ya kale, akarudi kwenye mashine yake ya kupulizia dawa. Nikatulia.

Mamamkwe hakutulia. Tangu siku ile hakumbeba tena. Mara mgongo unauma, mara mikono ina kitunguu, mara ana mafua, asimwambukize. Na neno somo likapotea. Akawa anauliza, "Mtoto amekula?" Mtoto! Kana kwamba ni wa jirani. Binti yangu alikuwa akimwona bibi yake anapita anainua mikono yote miwili, na bibi anageuza uso. Nililia kwa hilo, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa sichelewi kupona bali huwa siponi kabisa.

Ubatizo ulikuwa umekaribia. Katika nyumba hii, mwenye jina ndiye anayempeleka mtoto mbele kwa mchungaji. Ndivyo ilivyofanyika kwa kila mjukuu, na usharika mzima unajua. Bibi asipombeba somo yake, watu watauliza kwa nini, na wakiuliza watapata jibu, na jibu hilo litamfuata binti yangu shuleni, kisimani na siku ya posa. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Nikamwendea nikamwuliza waziwazi. Akajibu bila kunitazama, "Magoti yangu hayawezi ngazi za kanisa. Tafuta shangazi yake." Ngazi zenyewe ni tatu, na juma lile alikuwa amepanda mlima kwenda mnadani na kurudi na ndizi kichwani.

Jumamosi, siku moja kabla, wakafika kaka zangu wawili na mjomba wangu kutoka Handeni. Wakapikiwa, wakashiba, na kama kawaida mjomba akachokoza: "Haya mama, tuambie mlivyompata mfalme." Mamamkwe akaketi sawasawa, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Watu wa milimani waliamka asubuhi wakaona moshi—"

"Anzia mwanzo, mama," nikasema.

"Mwanzo ndio huo."

"Kabla ya moshi. Alipokuwa mtoto kwao."

Nilikuwa nimempakata binti yangu. Kwa kuwa hakuanzia hapo, nikaanzia mimi. Nikasema kijana yule aliota meno ya juu kwanza. Alikuwa kigego. Ndugu zake walimwona ni mkosi, wakamnyima urithi wa baba yake, na wenzake walipokufa mawindoni wakasema ni yeye, wakamkimbiza na mbwa wake usiku. "Huyo ndiye Simba Mwene," nikasema. "Wafalme wote unaowahesabu wametoka kwenye mdomo ulioota meno juu. Kama ni mkosi, mama, basi nyinyi ukoo mzima ni mkosi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo mnavyosema. Kwa nini hamsemi hivyo kwa huyu?"

Sijutii maneno yale hata leo. Lakini nilidhani atanijibu, kama anavyonijibu siku zote. Aliinuka, akatoka nje.

Nilimkuta nyuma ya zizi, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anachagua mapeasi ya kupeleka sokoni, mazuri huku, yaliyotobolewa na ndege kule. Alikuwa anayachanganya. Nikasimama. Akaniambia nikae, nikakaa chini kwenye majani, mtoto mapajani.

"Unadhani sikijui kisa chako cha meno," akasema. "Nilikisikia kwa babu yangu kabla mama yako hajaolewa."

Akanieleza kwa Kiswahili, na palipomshinda akaingia Kishambaa, na wakati huo nilikuwa nimeshakielewa vya kutosha. Mume wangu hakuwa kifungua mimba wake. Kabla yake alikuwepo binti. Mamamkwe naye aliita watu kwa furaha alipoona jino, kama nilivyoita mimi. Mamamkwe wake alikuja, akaangalia, akasema mtoto huyu hawezi kukaa nyumba moja na baba yake, atammaliza. Zama za kuua zilikuwa zimepita, wote walikuwa wameshabatizwa. Kwa hiyo wakamtafutia pa kukaa: kwa mwanamke mmoja upande wa Mponde, mpaka meno yote yatakapotimia. Kisha angerudi.

"Nilimwambia," akasema. "Nilipiga magoti nikamwambia mamamkwe wangu maneno haya haya uliyosema leo mbele ya watu. Kwamba mwenye nchi hii alikuwa kigego. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, yule alikuwa mwanamume, tena alikuwa na mikuki, na mbwa, na nyama ya kuwapa watu. Huyu wako ana nini?" Akaweka peasi moja chini. "Kweli, hakuwa na kitu. Alikuwa bado ananyonya."

Mtoto alishikwa na homa hukohuko. Mama yake aliambiwa baada ya kuzikwa. Kaburi alionyeshwa kwa kidole kutoka barabarani, siku walipopita kwenda Bumbuli, na gari halikusimama. Mumewe alimkataza asiitaje habari hiyo nyumbani, naye hakuitaja, hata mumewe alipokufa, hata kwa wanawe.

Nilimwuliza kwa nini basi, ikiwa yamemkuta hayo, amemfanyia hivi binti yangu. Nilimwuliza kwa upole, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa.

"Kanisani nikimbeba mimi, wote watamtazama," akasema. "Akicheka wataona. Nisipombeba, watanitazama mimi, watasema bibi kizee ana roho mbaya, hampendi mjukuu. Waseme. Hilo haliui mtoto."

"Wale waliosema zamani wamekufa, mama."

"Wao wamekufa. Maneno yao unayasikia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na niliona aibu kwa jinsi nilivyomfikiria. Hakuwa anaanza na moshi kwa majivuno. Kila alipofika kwenye meno ya yule kijana alikuwa anafika kwenye kinywa cha binti yake, kwa hiyo aliruka. Na mimi nikampakulia yote mbele ya wageni pamoja na pilau. Nikamwambia, "Mama, huyu ana watu. Ana baba yake, ana mimi, na mimi unanijua mdomo wangu. Ana wajomba wawili wamekaa sebuleni wameshiba. Hakuna gari litakaloondoka naye."

Binti yangu, ambaye hajui kukata tamaa, akainua mikono. Bibi akaitazama ile mikono. Akajifuta vidole kwenye kanga, akamchukua, akamweka kifuani, akaanza kulia kwa sauti kama mtu aliyepata habari za msiba siku hiyohiyo. Nikamwacha alie. Mapeasi nikayachagua mimi.

Jumapili alipanda zile ngazi bila kushika ukuta. Alisimama mbele, amevaa kanga mpya, mtoto amemwinua juu kabisa ya bega ili usharika wote umwone, na mtoto akacheka, meno mawili ya juu hadharani, meupe. Kwenye benchi la akina mama nikasikia mtu ananong'ona. Mamamkwe aligeuka nusu, akatazama upande ule mpaka kukawa kimya.

Mchungaji akauliza mtoto anaitwa nani. Akataja jina lake mwenyewe, kama tulivyotarajia. Kisha, wakati mchungaji ameshachota maji, akataja jina la pili, moja ambalo sikuwa nimewahi kulisikia katika nyumba ile. Mchungaji akasita, akanitazama mimi mama mtu. Nikamwambia, yote mawili.

Mume wangu akaniinamia sikioni. "Hilo la pili," akauliza, "ni la nani?"

"La dada yako," nikamwambia.