Amri Iliyomkuta Hajira Njiani

Ujumbe ulimkuta Hajira njiani, mwishoni mwa Januari 2025, akisukuma baiskeli kwa mkono kwa sababu ya mchanga. "Sitisha kazi zote za mradi kuanzia sasa. Usimtembelee mteja yeyote. Jumatatu fika ofisini Korogwe ukiwa na baiskeli na daftari."

Akausoma mara mbili. Ng'ambo ya mashamba ya mahindi Mzee Mbaruku alikuwa anamngoja, maana siku ile ilikuwa zamu yake ya kutembelewa. Hajira akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akaendelea kusukuma.

Miaka tisa alikuwa mhudumu wa afya wa jamii pale kijijini Misima. Kazi yake ilikuwa kuwafuata majumbani watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Alijua nani vidonge vimemwishia, nani amekata tamaa, nani mumewe hajui. Aliishia darasa la saba, na uuguzi hakuusomea, ila watu walimwambia mambo ambayo hata ndugu zao hawakuyasikia, naye hakuyatoa nje.

Tena hakuwa mtu wa kuburuzwa. Kuna mwaka mwenyekiti wa kijiji alitaka kumgawia mgeni mmoja eneo la malisho kwa barua yake mwenyewe. Hajira akasimama mbele ya watu wote: "Ardhi ya kijiji haigawiwi na mtu mmoja mezani kwake. Muhtasari wa mkutano mkuu uko wapi?" Muhtasari haukuwepo, na eneo halikugawiwa. Tangu hapo akaitwa Mama Muhtasari, na wengine walimwita hivyo kwa kejeli.

Jumatatu ile ofisi ya Korogwe ilijaa wahudumu waliokaa kama wako msibani. Habakuki, afisa wa mradi, mtu mpole mzaliwa wa Hale, aliwaeleza kwa sauti ya chini. Mradi uligharamiwa na serikali ya Marekani. Rais wao, siku ile ile aliyoapishwa, alisaini amri kwamba misaada ya nje isimame siku tisini ikaguliwe.

"Hizo fedha alikuwa anazitoa mfukoni mwake?" Hajira akauliza.

"Hapana, mama. Zilipitishwa na bunge lao."

"Sasa bunge likishapitisha, rais anatengua peke yake?"

Habakuki akavua miwani, akaifuta. "Hilo ndilo wanalogombania huko kwao. Wapo walioenda mahakamani. Wengine wanasema anayo haki hiyo, wengine wanasema anajitwalia madaraka ya bunge. Si jambo la leo, mama. Kila rais ajaye anajiongezea madaraka kidogo pale alipoishia mwenzake, lakini huyu amechukua kwa mikono miwili."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema lete daftari."

Watu wakacheka kidogo. Hajira hakucheka.

"Baiskeli ni mali ya mradi, iko hapo nje, ichukueni. Daftari lina majina ya watu. Hawakunipa siri zao zikalale stoo Korogwe. Nalipeleka zahanati."

"Mama Hajira, nitaandikiwa barua ya onyo."

"Waambie nimekataa. Na jina langu uliandike lote, usikosee herufi."

Akatoka. Nyuma yake hakuna aliyemfuata.

Kwenye zahanati ya Misima, muuguzi Joyceline alilipokea daftari huku anatazama mlangoni. "Shikamoo, mama. Lakini mimi sijapewa maelekezo yoyote."

"Marahaba, mwanangu. Dawa zipo?"

"Zipo, za kutosha miezi michache."

"Basi lifungie kabatini. Maelekezo yatatukuta kazini."

Akaanza kutembea kwa miguu. Huko vijijini uvumi ulikuwa umeshamtangulia: dawa zimefutwa, Marekani imefunga. Kwa Mzee Mbaruku alimkuta amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi, anakata vidonge nusu kwa nusu juu ya sahani.

"Unafanya nini, mzee wangu?"

"Navitunza vinifikishe mbali. Redioni wamesema rais wa Marekani kasaini."

Hajira alimpokonya kile kisu, akakiweka chini.

"Amefunga ofisi ya Korogwe. Zahanati yetu hakuifunga. Ukimeza nusu, virusi vinazoea dawa, halafu hata nzima haitakusaidia."

"Mwanangu, yule ni mkubwa wa dunia. Wewe ni nani ushindane naye?"

"Mimi ni Hajira wa hapa Misima. Ukubwa wake anao huko, lakini hapa mlangoni kwako haujafika. Meza nzima, nakuangalia."

Mzee akameza. Kisha akamwuliza kama amekula.

Barua ilikuja Machi: ameondolewa kazini kwa kukaidi maagizo. Aliisoma, akaitumia kufunikia mtungi. Mwezi wa sita sehemu ya mradi ilirudi, na Habakuki mwenyewe akaja nyumbani na mkataba mpya. Ulisema mhudumu atatii amri yoyote ya kusitisha huduma, bila kuhoji.

"Huko Marekani kwenyewe bado wanahoji," Hajira alisema, "na sisi tunakatazwa?" Akamrudishia, akamkaribisha chai. Habakuki alikunywa vikombe viwili na hakubishana naye. Hajira akaendelea kwa kujitolea, chini ya Joyceline, bila baiskeli.

Mzee Mbaruku alipopimwa, virusi havikuonekana kwenye damu. Kati ya watu thelathini na saba wa daftari lile, aliwafikia thelathini na sita. Mmoja, Maryamu, alikuwa ameacha dawa siku zile za uvumi na kuhamia Hale na mtoto mgongoni. Hajira alimfuata mara mbili, akaambiwa amehama tena, yuko mtaa mwingine wa huko huko. Jambo hilo lilimuuma kuliko barua ya kufukuzwa. Wiki iliyofuata, alfajiri, alivaa viatu vyake vya raba akaenda kusubiri gari la Hale kwa mara ya tatu.