Magome ya Vuhimba

Mikono ya Rachida ilikuwa imeshika rangi ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoitoa. Kwa miaka kumi na sita alichambua magome ya kinkina, mti unaotoa dawa ya malaria, katika depo moja ya mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa Beni, kwa Waislamu wenye malori, akaolewa Butembo na Lukman, dereva wa Fuso. Deponi walimwita Mama Asma, kwa jina la binti yake. Alikuwa akivunja gome, analigusa kwa ncha ya ulimi, kisha anataja kilima lilikotoka. Hakukosea.

Mwaka ule ujuzi huo ulianza kumtia hofu.

Watu wenye silaha walikuwa wamechukua vilima vya upande wa Luofu. Hawakupora wakaondoka, kama wengine. Walipandisha bendera yao, wakaweka chifu wao, wakatangaza kwamba pale si Kongo tena. Redioni mabalozi wa Ulaya walilaani: mipaka iliyoachwa na ukoloni haisogezwi kwa bunduki. Muyisa, patron, yaani mwenye depo, aliwasikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kesho yake akapokea lori la magome kutoka Vuhimba, kijiji kilichokuwa mikononi mwa watu hao hao. Kwenye karatasi iliandikwa Kasugho, kijiji cha upande wa serikali.

Malori mengine yakafuata. Rachida alichambua, akanyamaza. Aliyeshukiwa kufanya biashara na maadui alikuja kuchukuliwa na jeep ya jeshi la serikali, na wapo ambao hawakuonekana tena. Halafu depo ikifungwa, wanawake ishirini wangekula nini? Asma naye alisoma kwa magome hayo hayo.

Ndipo akafika Marie-Jeanne, mkulima wa Vuhimba waliyefahamiana tangu zamani. Alikuwa ametembea siku nne na watoto wawili, bila mume. Rachida akamwombea kazi ya kuanika. Siku ya kwanza tu, Marie-Jeanne aliokota kipande kimoja, akakigeuza upande wa ndani.

"Mama Asma, hii ni ya kwetu."

"Sema polepole."

"Bale ba bunduki banatumikisha bwana yangu na benzake kwa nguvu, bakate magome. Mwenye anakatala banamupiga mbele ya batu. Njo hii muko nauzisha?"

Rachida aliinama juu ya ungo wake. Naam, hayo ndiyo waliyoyauza. Akaendelea kuchambua.

Baada ya wiki chache Muyisa alimwita ofisini. "Kesho muzungu wa kampani yenye kununua anakuya. Akiuliza magome inatoka wapi, utasema Kasugho. Unasikia, mama?"

"Nasikia, patron."

Marie-Jeanne alimngoja nje. "Umuambie ukweli. Akijua, ataacha kununua. Bakikosa mwenye kununua, batabaachilia."

Au watawaua, aliwaza Rachida.

Mgeni yule wa kampuni alikuwa mwembamba, mpole, na viatu vyake vilijaa matope kama vya mtu aliyezoea mashamba. Alichukua gome, akalivunja, akaligusa kwa ulimi. Rachida alishtuka: hivyo ndivyo alivyofanya yeye. Gome lilikuwa nene, lenye ukungu wa kijivu wa vilima vya baridi. La Kasugho, kwenye msitu wa chini, ni jembamba, halina ukungu huo. Mgeni alimtazama machoni. Alijua.

"Kasugho, n'est-ce pas?" aliuliza: Kasugho, sivyo?

Rachida aliweka ungo chini. Nyuma ya mgeni, Marie-Jeanne alisimama na reki mkononi, hasogei.

"Non, monsieur. Vuhimba. Kule Luofu."

Muyisa akacheka haraka. "Mama amechoka."

Mgeni alilirudisha gome kwenye ungo. Alifuta vidole kwa leso, akaandika kwenye daftari, na Rachida, aliyekuwa karibu, akasoma: Kasugho. Kisha akasema kwa Kifaransa kwamba kiwanda kinangoja mzigo kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba serikali ya kwao inafuatilia hali ya hapa kwa wasiwasi mkubwa.

Siku zote Rachida aliogopa kwamba ukweli ungejulikana. Kilichomtisha sasa ni kwamba ukweli ulikuwa umejulikana, na hakuna aliyeshtuka.

Muyisa hakumfukuza. Alimwambia tu: "Miye hapana mutu mubaya, Mama Asma. Lakini ile jina ulisema, masikio mingi imesikia."

Siku ya pili yake watu wawili wa pikipiki, wageni mtaani, walimuuliza Asma saa ambayo mama yake hurudi nyumbani. Mchana huo huo Lukman alipakia magodoro kwenye Fuso.

"Tunaenda Beni, kwa mama yako."

"Beni? Kwenye batu banakimbiaka kila siku?"

"Kule banaua mutu yeyote. Hapa bako natafuta weye."

Rachida alimsihi Marie-Jeanne waondoke pamoja. Marie-Jeanne alikataa. "Magome ikikuya, najua bwana yangu bado muzima. Kama naenda, nani ataniambia?"

Sasa Rachida anachambua kakao huko Beni, karibu na mlango, ili aone kila anayeingia. Kila Ijumaa anampigia simu Marie-Jeanne kuuliza kama magome ya Vuhimba yamefika, naye hujibu neno moja: "Imekuya." Ijumaa iliyopita neno lilikuwa jingine.

"Haiyakuya," alisema.

Tangu hapo, kila baada ya swala, Rachida anamwomba Mungu alete lile lori la Vuhimba.