Poudre kwenye koti la rais wa jury

Afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Mangobo wananiita Papa Poudre na kila mmoja anasimulia anavyotaka, mpaka juzi kwenye foleni ya maji nilisikia kwamba nilimmwagia profesa unga wa mihogo. Si kweli. Ilikuwa poudre ya watoto, yenye harufu nzuri, na nilimmwagia bila kukusudia.

Mimi ni mwokaji wa mikate. Wazazi walipofariki nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, niliacha masomo, nikajenga tanuri nyuma ya nyumba, na kwa tanuri hiyo niliwalea wadogo zangu wawili, Clarisse na Junior. Clarisse akafika chuo kikuu, akachagua kusoma nini? Ukungu! Ule wa rangi ya machungwa unaoota kwenye magunzi ya mahindi na, nisifiche, kwenye mikate yangu iliyolala. Alisema ukungu huo una saa ndani yake, unajua asubuhi na jioni hata ukiufungia gizani. Nilicheka, lakini alikuwa akirudia somo lake kando yangu nikikanda unga, na mwishowe nikashika kidogo: kuna protini moja ndani ya ukungu ambayo kazi yake ni kuzuia nyingine kama yenyewe zisitengenezwe, halafu saa kwa saa vipande vidogo vinavyoitwa fosfeti vinaigandia, kimoja kimoja, vikizidi inavunjwa, inatupwa, kazi inaanza upya, na mzunguko wote unachukua karibu saa ishirini na mbili.

Siku ya kutetea kazi yake ya kumaliza chuo nilivaa suti ya harusi ya jirani (mikono ilikuwa mifupi). Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poudre, kwa hiyo nilinunua kopo kubwa, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniangusha: nilitaka niwe wa kwanza kummwagia, mbele ya marafiki zake wote. Nikakaa mstari wa mbele kabisa, kifuniko kimefunguliwa tayari, karibu na ventilateur, feni ya ukumbi.

Clarisse akaeleza dakika ishirini bila kukwama. Akamaliza, akasema asante, ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamani, mimi ningejuaje? Kwangu makofi ni mwisho. Nikaruka kama mtu aliyekanyaga makaa, nikapiga kelele, "Clarisse wetu ameshinda!", nikalitikisa kopo kwa nguvu zote, na wakati huohuo yeye akainama kuokota karatasi, ventilateur ikaipokea poudre yote na kuipeleka moja kwa moja kwenye meza ya jury, maprofesa waliokuwa wakimtahini.

Wingu lilipotua, rais wa jury, profesa mzee ambaye wanafunzi humwogopa hata akikohoa, alikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka mabega ya koti lake jeusi.

"Huyu papa iko nani?" akauliza.

Tantine Mado, jirani yetu niliyekuja naye, akanivuta suruali. "Ikala chini, weye! Haiyaisha! Maulizo ndiyo inaanza sasa!"

"Ni kaka yangu, Papa Professeur," Clarisse akasema.

Nikakaa. Wanafunzi nyuma walikuwa wanacheka ndani ya madaftari. Rais akafuta miwani yake, akasema, "Bon. Mademoiselle, saa ya ukungu wako inageuzwa na nini? Ni kuvunjwa kwa protini, ao ni zile fosfeti?"

Clarisse akapekua karatasi zake mbele na nyuma, akazipekua tena. Swali hilo nililisikia kwenye tanuri mara mia, alikuwa analijua, ila mimi ndiye niliyemtoa akili.

"Kama jibu hakuna, tunasimamisha. Utarudi session ingine," rais akasema.

Session nyingine ni mwaka mwingine. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na kopo langu.

Ndipo Clarisse akamtazama yule mzee vizuri, kutoka nyusi mpaka mabega, akaziweka karatasi chini.

"Papa Président, na heshima yote. Koti yako haiyatupwa. Iko pale pale kwa mabega, nzima. Lakini tangu poudre iliingia, nani humu ndani iko anakuogopa tena?"

Tantine Mado akafunga macho.

"Ni vile na protini," akaendelea. "Fosfeti ikiisha kuwa mingi, protini iko bado, lakini nguvu ya kuzuia imetoka. Saa imegeuka tayari. Kuivunja kunakuja nyuma, ni usafi tu. Donc hata ukungu wenye hauwezi kuivunja haraka, saa yake inaweza kutembea."

Rais akatazama bega lake la kushoto, akatazama la kulia, halafu yule mzee akacheka mpaka poudre ikaanguka mezani tena. Ukumbi ulilipuka. Jury walitoka kujadiliana, wakarudi: grande distinction, alama za juu sana!

Mimi sikupiga hata kofi moja, niliogopa huenda bado kuna kitu kinafuata. Kweli kilifuata, rais akaita:

"Wazazi wa candidate wasimame."

Nikainamisha kichwa. Clarisse akashuka, akaja mpaka mbele yangu, akaniita kaka kama nyumbani.

"Ya Dieudo, simama."

"Wanaita wazazi."

"Ndiyo. Simama basi."

Nikasimama, mikono mifupi, ukumbi mzima ukisimama pamoja nami, na sikujua niweke uso wapi, lakini safari hii si kwa aibu.

Junior naye ameanza chuo mwaka huu. Siku yake ikifika nitakaa mstari wa mwisho, mikono mitupu, na sitapiga kelele mpaka Tantine Mado anifinye mara mbili.