Nywele Nyekundu za Mama Zaina

Mwanangu, nikumbuke siku gani kama si ile Mama Zaina alipoingia uani kwangu na samaki ndani ya karai, nusu ya mtaa ikimfuata nyuma? Ungekuwepo ungecheka. Kisha ungekimbia, na mimi ningekimbia nawe.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa haifiki Kamina, na sabuni na chumvi tulizisikia kwa jina tu. Mimi nilikuwa msichana msusi. Niliwasuka wake wa askari wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi, na mama za mjini kwa ule uzi mweusi unaozungushwa kwenye nywele mpaka zisimame. Lakini marehemu baba alikuwa amewapikia Wabelgiji, na kwao alijifunza jambo la ajabu: kufunga nzi wa uongo. Unachukua ndoana, unaifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi, samaki akiona anadhani ni kitu cha kula. Akanifundisha mimi, maana vidole vya kaka zangu vilikuwa vizito. Ni kazi ile ile ya kusuka, ila ndoana hailalamiki kwamba umeibana.

Mtoni, mwendo wa saa moja, walikuwapo samaki wa meno, wale wakali wenye michirizi ubavuni. Uzi waliukata upesi, kwa hiyo karibu na ndoana nilitia waya wa breki ya baiskeli. Manyoya ya jogoo waliyadharau. Walitaka rangi nyekundu, na nyekundu ya mji mzima ilikuwa juu ya kichwa kimoja: cha Mama Zaina, mchuuzi wa vitambaa, mtu wa ukoo wa Maniema, ambaye hata vita havikumzuia kupaka hina.

Sasa, desturi yetu unaijua. Nywele zinazoanguka wakati wa kusuka hazibaki kwa msusi. Unazikusanya, unamkabidhi mwenyewe ndani ya karatasi akazichome, zisije zikafika kwa mlozi akamfanyia uchawi. Mimi nilimkabidhi Mama Zaina karatasi yake kila mara, kwa heshima zote, na ndani nimejaza manyoya ya mbuzi wa jirani. Akayachoma miezi mitatu. Zake nikazifunga kwenye ndoana, nikavua samaki mpaka nikajiona nina akili kuliko mji mzima.

Siku hiyo asubuhi nilipata mkubwa, aliyemeza ndoana hadi kooni. Kwa kuyaogopa meno yake nikakata waya, nikampeleka sokoni hivyo hivyo. Akanunuliwa mara moja, na nani? Mama Zaina. Wageni walikuwa wamefika kwake kutoka Kabongo kumposa binti yake. Akampasua samaki mbele ya wakwe, na kooni akakuta nywele zake mwenyewe, zimefungwa kwa uzi mweusi na fundo la msusi wake.

“Weye njo unataka kufunga njia ya ndoa ya mutoto wangu na bulozi!” alipiga kelele uani. “Hii nyele iko ya nani?”

“Minyi haiko mulozi, Mama. Iko ya kukamatia samaki.”

“Samaki njo inakulaka nyele?”

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mke wa sajini, niliyemsuka jana yake, alishika kichwa akaanza kufumua palepale, na wengine wawili wakamwiga. Niliogopa, mwanangu. Wakati ule ukiitwa mulozi, hakuna aliyengoja maelezo.

Nkambo wangu, mama yake baba, akatoka jikoni na mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, mkononi. “Tuende ku mto,” akasema. “Kama iko ya samaki, samaki itasema.”

Tukaenda wote, na wakwe nyuma. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza, “Bote hii munaenda wapi?” Nkambo akamjibu, “Kuona nyele ikikamata samaki.” Askari alifikiri kidogo, akafunga kizuizi chake, akatufuata.

Pale mtoni Nkambo akanikata kwa wembe fungu zima la nywele za kipajini, na ngozi kidogo. “Anza na yako,” akasema. Nikafunga nzi mbele ya macho yote yale, nikarusha. Nikarusha mpaka jua likawa utosini. Hakuna hata mmoja aliyegusa. Mama Zaina alikuwa amekaa juu ya jiwe amenuna, lakini niliona jicho lake linafuata uzi. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akang’oa nywele zake mwenyewe, akanisukumia mkononi.

“Funga hii. Na ujue minyi njo nilikupa!”

Nilipoirusha mara ya pili tu, maji yakalipuka. Samaki alinivuta hadi maji yakanifika magotini, na aliyenishika kiunoni nisizame ni Mama Zaina, kitenge kimelowa chote, anapaza sauti wakwe wasikie: “Iko nyele yangu! Muone! Iko nyele yangu!”

Jioni wakwe walikula samaki, na posa ikapita. Tangu hapo Mama Zaina aliniletea nywele zake mwenyewe, na kwa kila samaki niliyemvua alidai apewe kichwa.

Siku ile, njiani kurudi, Nkambo hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Kama uliomba tangu mwanzo, angekatala?” Niliona haya kuliko pale uani.

Basi, mwanangu, omba. Hata kitu unachokiona takataka kina mwenyewe, na yeye anajua anachokiogopa. Nywele zilezile zilizotaka kuniua ndizo zilizoniokoa, kwa kuwa mara hii alizitoa kwa mkono wake. Leo nakuachia wembe wangu, uzi, na kisanduku cha baba cha ndoana. Mungu akupe vidole vyepesi na mdomo usioona aibu kuomba, na kila atakayekuinamishia kichwa chake ainuke na amani. Hapa kipajini, alipokata Nkambo, nywele haziotagi vizuri mpaka leo. Gusa.